Kibanda cha kahawa Langoni, na usiku tuliomhesabu Caruso kwa kete za bao

Nimeahidi watu kadhaa kwamba nitaandika kuhusu hiki kibanda na kila siku naahirisha, basi leo wacha niketi niandike yote. Ni kibanda cha kahawa tu, kiko Langoni hapa Lamu, hakina kibao wala jina, na mwenyewe ambae sote twamuita Ami ameniomba nisimtaje mtandaoni kwa hivyo simtaji. Ila ukitoka Mkunguni pale mbele ya Ngome ushike usita wa mui kuelekea Langoni, kijana yeyote utakaekutana nae muulize wapi kunaoneshwa basketi usiku, atakupeleka mpaka barazani. Mi nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza, wala si ya kahawa.

Kahawa yenyewe haina maneno. Ni kahawa tungu ya kweli, inaanza kuchemka baada ya Laasiri na dele haliondoki kwenye makaa mpaka watu waishe, tangawizi imeingia sawasawa, finjani shilingi 10. Kashata za nazi zipo kila siku, halua ni Ijumaa tu na ukichelewa ushaikosa. Kuketi na kutazama mechi ni shilingi 50, ukitoa mara moja umemaliza, hakuna anaekupitia kila robo saa kukuuliza umekunywa nini. Nalisema hili manake kabla ya hapa kuna sehemu nyengine nilikua nakwenda, siitaji, walinitoza 100 ya kuingia na katikati ya robo ya nne, mechi ya mtoano, pointi mbili kati ya timu na timu, mtu akaja akabadilisha akaweka marudio ya mpira wa miguu wa jana yake. Nilitoka na hasira nikatembea mpaka nyumbani sijaongea na mtu.

Watu wengi hawajui shida ya mtu wa Lamu anaependa NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani. Mechi ikianza saa moja unusu jioni kule New York, hapa kwetu ni saa nane unusu au saa tisa unusu usiku, inategemea kama wamesogeza saa zao au la. Hakuna mwenye kazi ya asubuhi atakaeweza hiyo kila siku. Kwa hivyo Ami ana mpango wake, mechi za kawaida anaweka marudio siku ya pili baada ya Isha, na mwiko mkubwa ni mtu kutaja matokeo. Ukiwa umeona kwenye simu nyamaza, na ukishindwa kunyamaza toka nje. Fainali ndo zinaoneshwa zikichezwa. Zinaanza saa tisa au tisa unusu usiku, mapumziko ya nusu mechi yanakaribiana na adhana ya Alfajiri, Ami anazima sauti, watu wanaenda kuswali wanarudi robo ya tatu ishaanza, na mechi ikiisha kuna mahamri ya moto na mbaazi wa nazi kutoka nyumba ya pili. Wallahi hiyo asubuhi ya mbaazi peke yake inatosha mtu kufunga safari kutoka Mokowe.

Lakini haya yote si sababu ya mimi kuandika. Sababu ni yale maongezi, na hasa vile pale pana njia ya kubishana ambayo sijaiona pengine popote.

Kwanza ujue watu wenyewe. Kuna kijana mmoja ana duka la M-Pesa, huyu ni mtu wa namba, simu yake imejaa kurasa za Basketball-Reference, ule mtandao wa takwimu za basketi, na zile takwimu za NBA wenyewe, ukitaja mchezaji kabla hujamaliza jina yeye ashakwambia asilimia zake za mitupo ya pointi tatu. Kuna nahodha mmoja mzee, ameacha bahari sasa kwa sababu ya magoti, huyu hataki kusikia namba kabisa, yeye asema Mungu kampa mato mawili na yamtosha. Kuna mwalimu mstaafu, kuna vijana wa boti, kuna mafundi wa mbao, na kuna binti mmoja wa kidato cha tatu anaechezea timu ya shule yake, huja na kakake wikendi, huketi kule kwenye kiti cha kamba karibu na dirisha na haongei sana. Mkumbuke huyu binti.

Na Ami mwenyewe ana sheria moja ya kubishana. Ukisema "namba zinasema", lazima ueleze hiyo namba imehesabiwa vipi, nani kahesabu nini. Na ukisema "mi nimeona kwa macho yangu", basi unapewa zamu. Zamu ni hivi, kuna bao la zamani pale, limepasuka pembe moja, na kete zake kwenye mkebe wa maziwa. Unachagua mchezaji mmoja unaembishania, unamtazama yeye tu robo nzima, dakika 12, mpira ukienda kokote wewe macho kwake. Kila akifanya kitu cha kuisaidia timu unaweka kete safu ya juu, kila akiharibu safu ya chini. Ikiisha unasimama unaeleza kila kete ilikua ya nini, na watu wakikukatalia mechi inarudishwa nyuma wote waone. Ndo maana marudio ni matamu kuliko mechi yenyewe, manake unaweza kurudisha.

Sasa Caruso. Kwa asiemjua, Alex Caruso ni mchezaji wa NBA ambae hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2016, yaani ule mchaguo wa kila mwaka timu zinapogawana wachezaji wapya, alianzia timu ndogo ya Oklahoma kwenye ligi ya chini, akaenda Lakers, na mwaka 2020 kocha wao akamuanzisha mechi ya sita ya fainali, ile waliyobebea ubingwa. Akaenda Chicago. Juni 2024 Oklahoma wakamchukua wakamtoa Josh Giddey, mtu kwa mtu, hakuna nyongeza. Hebu fikiria, Giddey alikua na miaka 21, alichaguliwa wa sita kwenye drafti ya 2021, msimu ule alikua anafunga pointi 12.3 kwa mechi. Caruso alikua na miaka 30 na pointi 10.1. Afu Desemba ile ile wakamuongezea mkataba wa miaka minne wa dola milioni 81, na msimu ukaisha ana wastani wa pointi 7.1.

Kijana wa M-Pesa ndo aliyeanza. "Milioni 81, pointi 7, na wala haanzi mechi. Ami nieleze hii hesabu."

Nahodha akamjibu palepale, huyu ndie bora kwenye difensi, asiyeona ni kipofu. Kijana akasema ubora wa difensi unaupimaje, stili, yaani mipira ya kuiba, moja na nusu kwa mechi? Mwalimu akaingia akasema kuna ile namba ya kujumlisha na kutoa, yaani mchezaji akiwa uwanjani timu yake imeshinda dakika zile kwa ngapi, tazama hiyo. Hapo kijana akacheka akasema mwalimu hiyo ndo mbaya zaidi, msimu ule Oklahoma walishinda mechi 68 wakapoteza 14, na kwa wastani walikua wanawapita watu kwa karibu pointi 13 kila mechi, hakuna timu kabla yao iliyofika hapo, sasa mtu yeyote ukimsimamisha karibu na nyota wao Shai Gilgeous-Alexander namba yake itakua nzuri. Nahodha kwa mara ya kwanza akakubaliana nae, akasema "Kweli hiyo. Jahazi ikipata kusi nzuri kutoka Mombasa hata abiria aliyelala atafika Lamu."

Niliipenda hiyo na mpaka leo naitumia. Kwa wanaotaka kujua, wenye hesabu zao wanalijua hili tatizo zamani na wana njia ya kuchuja, wanachukua kila kipande cha mechi, wanaangalia wale tisa wengine waliokuwepo uwanjani, wa kwake wanne na wa wapinzani watano, wanaondoa mchango wao, kinachobaki ndo chake. Ni hesabu nzuri mi naiheshimu, lakini inataka mechi nyingi sana ndo itulie, na mchezaji anaeingia dakika 19 akitokea benchi anachukua muda mrefu kabla namba yake haijawa ya kuaminika.

Mimi ndo nikaleta Chicago. Nikasema haya, tuache Oklahoma, misimu yake miwili ya mwisho Chicago timu ilishinda 40 ikapoteza 42, mwaka wa pili 39 na 43, pale hapakua na kusi, na bado 2023 akachaguliwa kikosi cha kwanza cha mabeki bora wa ligi na 2024 kikosi cha pili. Nilidhani nimemaliza maneno. Kijana wa M-Pesa akanitazama akaniuliza, na hicho kikosi kinachaguliwa na nani kaka? Waandishi wa habari, kwa kura. Akasema basi hao nao wanatazama kwa macho kama nahodha, umeniletea ushahidi wa macho ukauvisha kanzu ya namba.

Nikanyamaza. Alikua na haki.

Wacha niseme kwa nini haya yananigusa hivi. Mi nilicheza shule, sitaitaja, nilikua namba nne, mtu wa kucheza karibu na kikapu, na sikua mfungaji. Kazi yangu ilikua kumziba beki ili mfungaji wetu apate nafasi, kumsukuma mtu mgongoni ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, ichukuliwe na mwenzangu, kupiga kelele nyuma nani aende wapi. Kocha wetu alikua na daftari moja, ndani kuna majina na pointi, basi. Mwaka wa mwisho aliposoma majina ya kwenda mashindano ya kaunti jina langu halikuwepo, akanionesha daftari, nina pointi nne mechi tatu. Timu ilikwenda ikafungwa mechi zote mbili ikarudi. Sikufurahi walipofungwa, walikua ndugu zangu, lakini lile daftari naliona mpaka leo, kalamu ya bluu, mstari wangu mtupu. Kwa hivyo mtu akisoma pointi 7.1 kama ndo mtu mzima, mi naumia kweli.

Basi Ami akasema bishano limekaa, leteni mechi. Ikachaguliwa ile ya saba, ya kuamua, ya Oklahoma na Denver, tarehe 18 Mei 2025. Ile tulikua tushaiona wote siku yenyewe, ilikua Jumapili na kule ilichezwa mchana kwa hivyo kwetu ikaangukia usiku wa kawaida, kibanda kilijaa mpaka ngazini. Kila mtu anakumbuka Oklahoma walishinda 125 kwa 93, kila mtu anakumbuka Shai na pointi zake 35. Nikauliza siku ile, nani anakumbuka Caruso alifanya nini? Nahodha mwenyewe akasema alimkaba Jokić, yule mkubwa wa Denver. Vipi? Akasema alimkaba tu, vizuri.

Sasa zamu ya kushika kete, Ami akaangalia huku na huku akamwita yule binti. "Ndoo hapa mwanangu. Wewe wacheza, keti mbele." Akapewa bao magotini, robo ya pili, aanze.

Mi nilikaa nyuma yake kwa hivyo niliona mikono yake. Dakika mbili za kwanza hakuweka kitu. Kijana wa M-Pesa akaanza kutabasamu. Binti akasema polepole, kama anajisemea, "Huyu nambari 9 hafanyi kitu." Afu akanyamaza, akainama mbele. "Lakini yule mkubwa hapati mpira."

Ami akasimamisha picha. Akarudisha. Na wote tukaona sasa. Jokić ana urefu wa mita 2.11, Caruso mita 1.96, na Caruso hakusimama nyuma yake kama mabeki wanavyosimama, alisimama mbele yake, kati yake na mpira, mkono mmoja nyuma unamgusa Jokić kiunoni ajue yuko wapi, mwengine hewani kwenye njia ya pasi, na nyuma ya Jokić kuna mrefu wa Oklahoma anangoja ikiwa pasi itarushwa juu. Mwenye mpira anaangalia pale, anainua mikono, anaghairi, anarudisha mpira nje. Sekunde zinakwenda. Mwisho mtu mwengine anatupa kwa haraka. Kwenye lile jedwali la mechi hapo utaona mtu wa Denver kakosa mtupo, ribaundi ya Oklahoma kwa fulani. Caruso hakuna mahali kaandikwa. Na mi niliyeitazama mechi hii moja kwa moja, na macho yangu mawili, nilikua naangalia mpira, kwa hivyo na mimi sikumuona.

Hapo ndo niliposhtuka kidogo manake miaka yote nimebishana nikidhani macho na jedwali ni vitu viwili tofauti. Vyote viwili vinafuata mpira. Anaeandika takwimu anaandika mkono uliogusa mpira, na mtazamaji wa kawaida macho yake yanakwenda na mpira, kwa hivyo vyote vipofu mahali pamoja, na hapo walipo vipofu ndipo mtu kama Caruso anapofanyia kazi.

Binti akaanza kuweka kete. Kila pasi iliyoghairiwa, kete juu. Akamuona anamuonesha mwenzake kwa kidole aende kona, kete juu. Akaweka na chini, aliposukumwa akaachwa Jokić akapata kikapu rahisi, na alipokosa mtupo akiwa peke yake, hakumpendelea. Mwisho wa robo safu ya juu ilikua imejaa kuliko ya chini kiasi kwamba hakuna aliyeomba kuhesabu, na Denver ambao walitoka robo ya kwanza wakiwa mbele, sasa walikua nyuma na hawakurudi tena. Jokić alimaliza na pointi 20. Kwa mtu mwengine ni nyingi, lakini huyu msimu ule wastani wake ulikua 29.6, ribaundi 12.7, asisti, yaani pasi za kufungisha, 10.2.

Nahodha akasimama akasema "Si niliwaambia?" na Ami akamkata, "Hapana. Wewe ulisema amkaba vizuri. Mtoto ndie aliyetuambia vipi." Kibanda kizima kikapiga makofi, binti akafunika uso kwa mtandio.

Na kijana wa M-Pesa, nampongeza, hakukasirika wala hakukubali kirahisi. Akasema robo moja ni robo moja, mvuvi akipata siku moja nguru watano haimaanishi kila siku atapata, mnaonaje tufanye hivi mechi kumi. Ni neno la kweli. Akaeleza pia kwamba NBA wenyewe tangu msimu wa 2016-17 wanahesabu vitu vya aina hii, pasi zilizoguswa zikaharibika, mipira iliyookotwa chini, kumziba beki mpaka mwenzako akafunga, kusimama ukagongwa ukapata fauli. Na kamera zinazomfuata kila mchezaji ziliwekwa viwanja vyote tangu 2013-14, zinajua mtu kasimama wapi hata bila mpira, sema sehemu kubwa ya data hiyo inabaki kwa timu, sisi tunapewa makombo. Nikafikiria, basi Oklahoma pengine wana bao lao na kete zao, mamilioni ya kete, ndo maana walimtoa kijana wa miaka 21 bila kusita.

Maoni yangu mimi, milioni 81 ni halali yake na naona hata wamempata kwa bei nzuri. Fainali ile ya 2025 dhidi ya Indiana mechi ya pili alifunga 20, ya nne akafunga 20 na kuiba mipira mitano, kwa hivyo hata wale wa pointi alikuja akawapa pointi walipozitaka. Lakini sikubaliani na nahodha kwamba macho yatosha. Siku moja aliapa kuhusu mchezaji fulani kwamba dakika za mwisho hakosi, kijana akafungua simu, na mitupo aliyokosa ilikua mingi kuliko aliyopata, sema nahodha alikumbuka ile iliyoingia tu. Moyo wa mtu huweka kumbukumbu ya furaha. Namba haina moyo na hiyo ndo faida yake.

Ila nahodha huyu huyu ndie aliyesema neno jengine ambalo halijanitoka. Tulikua tunazungumzia mashindano ya jahazi, akasema watu wote ufuoni hushangilia jina la nahodha, na hakuna anaejua jina la wale vijana wanaotoka nje kukaa kwenye ubao chombo kikilala na upepo. Wakirudi ndani mapema chombo kinapinduka. Akasema yeye alikua akichagua hao kwanza, wa kushika tanga hakosekani.

Ami nae ana mtu wake wa zamani, Shane Battier, ukimtaja tu anamimina kahawa ya bure. Alichaguliwa wa sita 2001 na Memphis, akaenda Houston akawa kwenye timu ile iliyoshinda mechi 22 mfululizo msimu wa 2007-08, na alikua akimkaba Kobe Bryant, yule mfungaji wa Lakers, kwa kumuwekea mkono mbele ya macho badala ya kuruka kuzuia mpira. Ami anainuka anaonesha, mkono usoni mwa mteja, kahawa mkononi. Afu anamaliza na 2013, mechi ya saba ya fainali, Miami na San Antonio, mtu wa kazi chafu akafunga mitupo sita ya tatu, pointi 18. Nimeisikia mara kumi na bado naiomba.

Haya, ile nyota moja. Joto. Chumba ni kidogo, dirisha moja, feni mbili na moja inapiga kelele kiasi kwamba ukikaa chini yake husikii mtangazaji. Stima ikipotea kuna betri ya kushikilia tivi lakini feni zinazima, na watu thelathini humo ndani na jiko la makaa mlangoni ni taabu. Tivi yenyewe ni nzuri, inchi 55, ukikaa viti vya mbele unaona mpaka jasho, ukikaa ngazini unaona nusu. Choo hakuna, ni cha msikitini au nyumbani kwako. Na kina dada, nafasi ni ile ya dirishani tu, viti vinne, Ami amesema ataongeza upande wa uani na mi namkumbusha kila wiki manake baada ya usiku ule wasichana wa timu ya shule wanataka kuja na hawana pa kukaa.

Ukienda, nenda na pesa ndogo ndogo au lipa kwa simu, chenji ya elfu usiku hakuna. Vua viatu mlangoni. Fika kabla Isha haijatoka msikitini kama wataka kiti, na kama ni fainali lala mapema uamke, usije ukalala pale barazani, mbu hawana huruma. Mgeni anakaribishwa, aliwahi kuja mzungu mmoja kutoka Shela na mahesabu yake ya namba, akapewa bao na kete kama mtu yeyote.

Zile mechi kumi za Caruso tushafika ya nne. Ya tano ni Jumamosi hii na zamu ya kete ni yangu, robo ya kwanza, nishamwambia Ami aniwekee kile kiti cha kamba.